Kikokotoo cha Wingu Hakiijui Wodi

Asubuhi moja, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, aliletwa mama mwenye maumivu ya kichwa yaliyomrudia baada ya mwaka mzima wa nafuu. Alikwisha kupigwa CT skani ya kichwa hapo hapo kwetu, na taarifa ya wakati ule ilitaja uvimbe mdogo wa kufuatiliwa. Swali la kitabibu lilikuwa jepesi: je, uvimbe ule umekua, au umebaki vile vile? Kulijibu kulihitaji picha mbili zitazamwe pamoja, ya zamani na ya siku ile. Picha ya zamani haikupatikana. Haikuwa imepotea, bali ilikuwa imehamishiwa katika ghala la bei nafuu la wingu, ambako kuirudisha huchukua saa nyingi. Uamuzi wa kuihamisha ulikuwa umefanywa miezi michache kabla, kwa sababu ankara ya wingu ilikuwa imeyapita makadirio. Picha zilifika siku iliyofuata. Mgonjwa alikuwa amelala hospitalini usiku mmoja zaidi, kwa gharama yake, akisubiri.

Nilipofuatilia chanzo cha mkasa huo sikumkuta mzembe. Wataalamu wa TEHAMA walikuwa wametumia kikokotoo rasmi cha mtoa huduma, wakajaza kila kisanduku walichoweza kukijaza, wakapata jumla, na jumla hiyo ikaingia katika bajeti. Kikokotoo nacho hakikukosea kujumlisha. Kosa lilikuwa katika namba ambazo hakuna aliyekuja kutuuliza sisi tunaozitumia picha hizo kila siku. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa vikokotoo hivi: vinajua bei, havijui wodi. Na anayeijua wodi ni mhudumu wa afya.

Wingu ni nini, na kikokotoo hufanya nini

Kwa msomaji asiyeishi na kompyuta, wingu si kitu cha angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa seva, ambayo kampuni huyakodisha kwa wateja kupitia intaneti. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon Web Services ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hospitali inaweza kuhifadhi humo picha za eksirei, CT skani na MRI, kupitia mfumo wa kuhifadhi na kusambaza picha unaojulikana kama PACS, badala ya kununua seva zake na kuziweka katika chumba chenye kiyoyozi na jenereta.

Malipo hufanana na ya umeme wa luku: unalipia unachotumia. Tofauti ni kwamba kwa luku unalipa kwanza, na fedha ikiisha taa inazimika. Katika wingu, kwa kawaida, unatumia kwanza na ankara inakuja mwisho wa mwezi.

Ndiyo sababu kampuni zote tatu zimeweka vikokotoo vya bure ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitumia kabla ya kufungua akaunti. Neno kikokotoo Watanzania wanalifahamu kutokana na mjadala wa mafao ya wastaafu, na somo la mjadala ule linafaa hapa pia: kabla ya kubishana kuhusu jibu, uliza kanuni imelishwa nini. Kikokotoo cha wingu huuliza unataka gigabaiti ngapi, seva za ukubwa gani, kwa saa ngapi, katika eneo gani, kisha huzidisha kila kiasi kwa bei iliyotangazwa na kujumlisha. Kwa kazi hiyo ni sahihi mno. Bei zake hutoka kwa kampuni yenyewe, na tofauti za eneo na eneo zimo ndani yake. Ukijua kwa yakini kwamba utaendesha seva fulani usiku na mchana kwa mwaka mzima, jibu lake litakaribiana sana na ankara.

Tatizo huanza pale gharama inapotegemea matendo ya watu.

Mfano kutoka chumba cha CT

Sisi wa radiolojia hatupaswi kulishangaa jambo hili. Kila siku tunakadiria kwa utrasaundi uzito wa mtoto aliye tumboni. Mashine hupokea vipimo vya kichwa, tumbo na mfupa wa paja, hutumia kanuni kama zile za Hadlock zilizochapishwa katika miaka ya 1980, kisha hutoa namba ya gramu. Hesabu ya mashine haina kasoro. Hata hivyo namba hiyo inaweza kuachana na uzito wa kweli kwa asilimia 10 hadi 15, na aliyepima tumbo akikosea mahali pa kupimia, tofauti huongezeka. Mkunga mwenye busara huichukua pamoja na dalili nyingine, wala hapangi upasuaji kwa namba hiyo peke yake. Ajabu ni kwamba sisi hao hao, tukiletewa namba ya dola kutoka kwenye kikokotoo, tunaipokea kama uzito uliosomwa kwenye mizani.

Tuchukue hospitali ya kufikirika, na nitafanya hesabu waziwazi ili msomaji aikague. Kipande kimoja cha CT skani ya kawaida kina nukta 512 kwa 512, na kila nukta huchukua baiti 2. Hiyo ni takriban nusu megabaiti. Kipimo chenye vipande 500 kina megabaiti 250. Hospitali ikipima wagonjwa 20 wa CT kwa siku, na eksirei 60 za wastani wa megabaiti 15 kila moja, inazalisha takriban gigabaiti 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Nitatumia bei ambazo Amazon imezitangaza kwa muda mrefu kwa eneo la Virginia ya Kaskazini: dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi katika hifadhi ya kawaida. Cape Town bei ni ya juu zaidi.

Kosa la kwanza ni la wakati. Mjazaji akiandika gigabaiti 180, kikokotoo kitamjibu dola 4 na senti chache kwa mwezi. Lakini picha za mwezi uliopita haziondoki mwezi huu ukiingia. Mwisho wa mwaka wa kwanza zimefika gigabaiti 2,160, na ankara ya hifadhi ni karibu dola 50 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka wa tano ni gigabaiti 10,800, karibu dola 248 kwa mwezi. Akijaza 2,160 kana kwamba ndizo za tangu siku ya kwanza, atakuwa amezidisha gharama za mwaka wa kwanza na kupunguza sana za mwaka wa tano. Kikokotoo hutoa picha ya mwezi mmoja uliosimama, ilhali hifadhi ya hospitali hukua kila siku bila kupungua.

Kosa la pili ni la matumizi. Kuingiza data katika wingu aghalabu ni bure. Kuitoa ndiko kunakolipiwa. Katika eneo lile lile, gigabaiti 100 za mwanzo za kila mwezi hutoka bure, na zinazozidi hulipiwa dola 0.09 kila moja. Je, picha moja hufunguliwa mara ngapi? Kama ni mara mbili, gharama ya kutoa data ni takriban dola 23 kwa mwezi. Kama ni mara nne, ni karibu dola 56, zaidi ya hifadhi yenyewe mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kama ni mara nane, ni zaidi ya dola 120. Fundi wa kompyuta hawezi kuijua namba hii kwa kukaa ofisini. Mimi huifungua picha ninapoandika taarifa, daktari wa wodi huifungua katika raundi, mpasuaji huifungua kabla ya upasuaji, wanafunzi huifungua katika darasa la jioni, na kliniki huifungua mgonjwa akirudi. Hospitali ya kufundishia na hospitali ya wilaya zaweza kuwa na mashine za aina moja, na ankara zao zikaachana kabisa.

Kosa la tatu hunigusa zaidi, kwa kuwa linatoka kwenye vidole vya idara yangu. Mteknolojia wa mionzi akibadili mpangilio wa mashine ili itengeneze vipande vyembamba, kwa nia njema ya kuona vizuri zaidi, kipimo cha vipande 500 chaweza kuwa cha vipande 1,500. Uzalishaji wa siku unapanda kutoka gigabaiti 6 hadi 16, na hifadhi ya mwaka wa tano kutoka dola 248 hadi zaidi ya dola 660 kwa mwezi. Uamuzi huo hufanywa katika chumba cha CT kwa dakika mbili, na hakuna fomu inayoupeleka kwa mhasibu.

Hapo sijagusa seva zenyewe, nakala za dharura, kumbukumbu za mfumo wala malipo ya msaada wa kiufundi. Namba za mfano wangu ni ndogo zikitazamwa moja moja. Ni jinsi zinavyokua mara mbili na mara tatu ndiko kunakovuruga bajeti.

Yasiyo na kisanduku

Yapo mambo ambayo kikokotoo hakiyaulizi kabisa, au huyaacha nje ya jumla.

La kwanza ni muda wa kusubiri. Hifadhi ya kumbukumbu za kale ya Amazon iitwayo Glacier Deep Archive imetangazwa kwa dola 0.00099 kwa gigabaiti kwa mwezi, chini ya asilimia 5 ya bei ya hifadhi ya kawaida. Kikokotoo kitaonyesha akiba ya kuvutia. Lakini kurudisha picha kutoka humo kwa utaratibu wa kawaida huweza kuchukua hadi saa 12, urejeshaji wenyewe una ada, na kila unachoweka hulipiwa kwa siku zisizopungua 180 hata ukikifuta kesho. Kwa filamu ya zamani ya matangazo, saa 12 si kitu. Kwa mgonjwa aliyeletwa usiku akiwa amepoteza fahamu, saa 12 ni uamuzi wa kitabibu uliokwisha kufanywa na mtu asiyekuwepo, na matokeo yake huenda yakawa kurudia kipimo: mionzi mara ya pili, na malipo mara ya pili.

La pili ni fedha yetu. Ankara huhesabiwa kwa dola, na bajeti hupitishwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300 za Tanzania. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Ankara ya dola 300 ilipanda kutoka takriban shilingi 690,000 hadi 780,000 bila picha moja kuongezeka. Aidha, makadirio ya vikokotoo kwa kawaida hayajumuishi kodi. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, huja juu ya jumla hiyo, na hospitali ambayo huduma zake zimesamehewa kodi hiyo aghalabu haina pa kuirejesha.

La tatu ni kuondoka. Mkataba mzuri wa ndoa huzungumza pia kuhusu talaka. Mwaka 2024 kampuni kubwa za wingu zilitangaza kuwaondolea ada ya kutoa data wateja wanaohama moja kwa moja, kwa masharti na kwa kuomba kwanza. Ni hatua njema, lakini hospitali isiyojua masharti hayo itayagundua siku ambayo haina tena uwezo wa kujadiliana.

Tusivionee vikokotoo

Haki inanilazimisha kusema pia yaliyo mema. Zipo zana zinazokiri mipaka yake. Infracost, kwa mfano, husoma maelezo ya miundombinu yaliyoandikwa na wahandisi na kukadiria gharama zake kabla haijawashwa. Ikikutana na huduma inayolipiwa kwa matumizi, na haijapewa kiasi, huandika kwamba gharama inategemea matumizi, badala ya kubuni namba. Zana ya Cost Explorer ya Amazon, baada ya hospitali kuwa na historia ya matumizi, hutabiri miezi ijayo na kuonyesha pamoja na namba ya katikati upeo wa juu na wa chini. Lugha hiyo sisi tunaifahamu. Hatuchapishi utafiti bila upeo wa kuaminika kwa matokeo yake. Lakini ninavyoona mimi, upeo huo hukatwa njiani. Hubaki kwenye skrini ya mhandisi, na kinachofika mezani kwa mkurugenzi ni namba moja yenye senti mbili mwishoni, na senti hizo humfanya aamini kwamba imepimwa.

Wako watakaosema: basi turudi kwenye seva zetu. Sikubaliani nao kwa haraka. Seva ya hospitali nayo ina gharama ambazo hazikuandikwa: umeme ukikatika, kiyoyozi kikifa, diski ikiharibika, fundi akihama. Tofauti ni kwamba gharama hizo hazina ankara ya kila mwezi ya kututia haya. Wingu limetufanyia hisani moja: limelazimisha kila tendo liwe na bei inayoonekana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sasa tunalo; kilichobaki ni kuliandika kwa ukweli.

Wengine watasema, na wamekwisha kuniambia ana kwa ana, kwamba madaktari na wauguzi wana kazi za kutosha bila kuitwa kwenye vikao vya kompyuta. Ni kweli kwamba tumechoka. Lakini ankara ikizidi, fedha ya kuifidia hutoka kwenye fungu fulani, na mafungu ya hospitali yanajulikana: dawa, glavu, matengenezo, posho za zamu. Kikao cha saa moja ni nafuu kuliko robo ya mwaka ya kugombania glavu.

Ninachopendekeza

Kwanza, makadirio yasipitishwe bila ukurasa wa dhana zake. Ukurasa huo useme ni vipimo vingapi kwa siku, vyenye ukubwa gani, hufunguliwa mara ngapi, na vitatunzwa miaka mingapi. Na mbele ya kila namba liandikwe jina la idara iliyoitoa. Namba isiyo na mwenyewe ihesabiwe kuwa haipo.

Pili, tudai hesabu tatu badala ya moja: ya matumizi madogo, ya kawaida, na ya siku mbaya. Ya siku mbaya iwe na vipande vyembamba, picha kufunguliwa mara nyingi, na shilingi iliyoshuka. Hospitali isiyoweza kumudu hesabu ya tatu iamue mapema itapunguza nini, kabla ankara haijaamua kwa niaba yake.

Tatu, tupime. Miezi mitatu ya matumizi halisi hufundisha kuliko kikokotoo chochote. Kama tunavyorekebisha dozi baada ya kipimo cha damu, turekebishe makadirio baada ya ankara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tahadhari za bajeti ziwekwe, kwa kuelewa kwamba huja baada ya matumizi kutokea na kwa kawaida hazizuii chochote zenyewe.

Nne, uamuzi wa picha zipi ziende kwenye ghala la polepole uwe wa kitabibu kwanza. Uvimbe unaofuatiliwa, mgonjwa wa saratani aliye katika matibabu, mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu: picha zao zibaki karibu hata zikiwa na umri wa miaka. Hali kadhalika, kuweka nakala za miezi ya karibuni katika seva ndogo ndani ya hospitali hupunguza sana data inayotolewa wingu, na hutuokoa siku ambayo intaneti imekatika.

Kwa wagonjwa wanaosoma jarida hili, nina ombi dogo. Mkipigwa picha, ulizeni itatunzwa wapi na kwa muda gani, na ulizeni utaratibu wa kupata nakala yenu kwa safari ijayo. Hamtakuwa mnasumbua. Swali la mgonjwa, likiulizwa mara kumi dirishani, hufika kwenye kikao ambacho barua yangu haikufika.

Yule mama, picha zake zilipofika, tuliziweka pamoja: uvimbe ulikuwa vile vile. Aliruhusiwa mchana ule, baada ya kulipia kitanda cha usiku ambao hakuuhitaji. Gharama hiyo haikuonekana katika ankara yoyote ya wingu, na mwezi ule hospitali iliandika kwamba imeokoa fedha.